Je, Kuba Imezingirwa? Neno la Kupima Kabla ya Kutia Sahihi

(Hotuba iliyosomwa siku ya Jumapili mbele ya ndugu wa chama na karani mmoja wa mgodi. Tunaichapa nzima, kwa kuwa wengi waliokuwa zamu siku ile wameiomba.)



Mnajua kwa nini nimesimamishwa hapa. Jumapili iliyopita tulisomewa azimio lililoandikwa na vijana wetu juu ya kisiwa cha Kuba. Mstari wake wa tatu unasema kwamba Marekani imekizingira kisiwa kile kwa blokusi kwa zaidi ya miaka 60. Watu wakapiga makofi. Mimi nikainua mkono nikauliza: meli ziko wapi? Ukumbi ukanyamaza, kisha ndugu mmoja wa nyuma akasema kwa sauti kubwa, "Karani amekuwa mtu wa Wamarekani!" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini kwa mdomo tu. Ndipo Mwenyekiti akasema: basi, Jumapili ijayo utatueleza.

Nimekuja kueleza. Kazi yangu ni karatasi. Kamyo ikitoka mgodini, mimi ninaandika uzito wake na mzigo wake na mahali unapotoka. Nikiandika tani 30 mahali pa tani 28, hakuna atakayeuliza kama moyo wangu ulikuwa mwema. Azimio nalo ni karatasi. Litakwenda mbali, litasomwa na watu wasiotupenda, nao hutafuta kosa moja tu ili watupe yote kikapuni. Kwa hiyo sikuuliza juu ya meli kwa kuwatetea wakubwa. Niliuliza ili wasipate mlango wa kutokea.

Tuanze na duka. Kila mmoja hapa amekaa katika kambi ao mtaa wenye duka moja kubwa. Siku moja mwenye duka anakuambia, "Wewe sikuuzii unga." Utakasirika, utamwita mtu mbaya, lakini duka ni lake. Utakwenda duka la pili, hata likiwa mbali na bei yake kali. Hiyo ni namna ya kwanza. Namna ya pili, mwenye duka anaweka vijana wenye fimbo mbele ya nyumba yako, wanamkamata kila mtu anayekuletea gunia. Hapo biashara imekwisha, ni vita. Lakini kuna namna ya tatu. Hakuna kijana wala fimbo. Mwenye duka kubwa anawaambia wenye maduka madogo wote wa mtaa, "Atakayemuuzia mtu yule, mimi sitamuuzia tena kitu, wala gari lake halitaingia uwanjani mwangu." Njia iko wazi, nyumba yako haikuzungukwa na mtu. Lakini gunia halifiki.

Namna hii ya tatu si ngeni kwetu. Wazee wanakumbuka mwanzo wa mwaka 1967. Serikali ilipotwaa mali ya Union Minière, kompani iliwaonya wanunuzi wa ng'ambo kwamba atakayenunua shaba ya Kongo atashitakiwa, kwa kuwa kwa maoni yake shaba ile ilikuwa mali iliyoibwa. Hakuna askari aliyesimama mbele ya treni. Barua tu. Mwezi wa pili kukawa na mapatano, na wale wa Société Générale des Minerais wakapewa kazi ya kuiuza shaba yetu. Barua ziliwatisha wanunuzi, na inchi nzima ikaketi mezani.

Sasa, blokusi ni nini? Ni neno la vita. Kwa Kiswahili cha Biblia tunasema mazingiwa. Waliosoma misioni wanakumbuka Samaria, namna askari walivyouzunguka mji mpaka kichwa cha punda kikauzwa vipande 80 vya feza. Baharini ni mambo yaleyale, kwa meli za vita mahali pa askari. Mwaka wa 1856 wakubwa wa Ulaya walipatana kule Paris ya kwamba blokusi haihesabiwi kama hakuna nguvu ya kweli ya kuzuia watu wasiifikie pwani ya adui. Mfalme hawezi kukaa nyumbani mwake na kutangaza kwa karatasi kwamba bahari imefungwa. Jambo la namna ile waliliita blokusi ya karatasi, nao waliliona kuwa bure. Likumbukeni jina hilo, nitalirudia.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945 unafuata njia ileile. Kifungu cha 41 kinataja kukata biashara, treni, meli, ndege na posta, pasipo silaha. Kifungu cha 42 kinataja majeshi, na humo ndimo imetajwa blokusi. Vifungu viwili, vitu viwili. Na mwaka wa 1974 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipoeleza maana ya uchokozi, liliandika kwamba kufunga bandari ao pwani za inchi nyingine kwa majeshi ni uchokozi. Kwa majeshi, si kwa barua.

Tutie sasa Kuba katika mizani.

Mapinduzi ya Fidel Castro yalishinda mwezi wa kwanza 1959. Mwaka wa 1960 kompani za Esso, Texaco na Shell zilikataa kusafisha mafuta ya Warusi katika mitambo yao ya Kuba, serikali ikaitwaa mitambo. Mwezi wa saba Rais Eisenhower akaikata sukari ya Kuba, na Marekani ndiyo iliyokuwa mnunuzi wake mkubwa. Kuba ikatwaa mali nyingine za Wamarekani, mashamba, benki, migodi. Mwezi wa kumi wa mwaka uleule Marekani ikakataza vitu vyake kwenda Kuba, ila chakula na dawa. Mwezi wa pili 1962 Rais Kennedy akafunga karibu biashara yote.

Tusiwafiche watu upande wa pili. Wamarekani husema kwamba mali yao ilitwaliwa bila malipo, na hilo ni kweli: kamati yao wenyewe ilikubali madai 5,913, jumla yake karibu dolari bilioni 1.9. Deni ni deni, hata akidaiwa rafiki yako. Lakini iko karatasi nyingine. Tarehe 6 ya mwezi wa nne 1960, mkubwa mmoja wa wizara yao ya mambo ya inchi za nje, Lester Mallory, aliwaandikia wakubwa wenzake. Alikubali kwamba watu wengi wa Kuba walimpenda Castro. Akashauri feza na vitu visiifikie inchi ile, ili mishahara ishuke, njaa iingie, watu wakate tamaa na serikali ianguke. Karatasi ile imekwisha kuchapwa na serikali ya Marekani yenyewe, haikuibwa na mtu. Haina neno hata moja juu ya kulipwa mali. Mimi karani nasema, ukitaka kujua kusudi la kompani usisome bango la mlangoni, soma barua ya mkubwa kwa mkubwa.

Hata hivyo, kusudi baya bado si blokusi. Meli ziko wapi?

Zilikuwako, mara moja. Tarehe 22 ya mwezi wa kumi 1962, Kennedy alitangaza kwamba Warusi wameweka makombora ya nyuklia Kuba, na kwamba meli zake za vita zitazuia silaha zisiingie. Sikilizeni vema: hakuliita jambo lile blokusi. Aliliita karantini, neno la madaktari, la kumtenga mgonjwa. Kwa sababu gani? Wanasheria wake walijua kwamba blokusi ni tendo la vita, na hakutaka kuandika neno lile kwa mkono wake. Tarehe 24 meli zikajipanga. Tarehe 25 meli ya mafuta ya Warusi, Bucharest, ikaachwa ipite kwa kuwa haikubeba silaha. Tarehe 26 mabaharia wa Marekani walipanda juu ya meli Marucla, yenye bendera ya Lebanoni, wakaipekua, wakaiacha iende. Tarehe 20 ya mwezi wa kumi na moja karantini ikaondolewa.

Majuma manne basi. Na katika majuma yale manne Kennedy mwenyewe alisema kwamba hazuii vitu vya lazima kwa maisha ya watu, kama Warusi walivyotaka kufanya Berlin mwaka 1948. Meli za vita hazikugusa unga. Lakini mwezi wa tano 1964, meli zikiwa zimekwisha kuondoka zamani, ofisi ya biashara ya Marekani iliamuru kwamba hata chakula na dawa havitatoka kwao kwenda Kuba bila ruhusa ya pekee. Meli ziliuacha mkate upite, karatasi ikaukamata.

Hapo, ndugu zangu, nilipokuwa nikisoma usiku, niliweka kalamu chini.

Mtu atasema: labda blokusi yenye meli ni jambo la zamani za wazee. Hapana, hata jirani zetu waliiona. Mwaka wa 1966 Baraza la Usalama liliiruhusu Uingereza kuzuia kwa nguvu meli za mafuta zilizokwenda bandari ya Beira kwa ajili ya Wazungu waasi wa Rodezia. Meli za Waingereza zilikaa baharini pale mpaka 1975. Mafuta yakaingia kwa njia ya Afrika ya Kusini, na waliopata taabu kubwa mwanzoni walikuwa Wazambia, hata wakaletewa mafuta kwa ndege kutoka Kongo, pipa kwa pipa. Tazameni basi: pale palikuwa na meli za kweli, na ruhusa ya kweli, na unga wa walengwa haukukosekana. Meli peke yake si kipimo cha mateso. Ni kipimo cha sheria tu.

Na sheria yenyewe imesema. Mwaka wa 1984 Wamarekani walitega mabomu ya bahari katika bandari za Nikaragua, na mwaka wa 1985 wakakataza biashara yote na inchi ile. Nikaragua ikawashitaki katika Mahakama ya Kimataifa ya La Haye. Hukumu ikatoka tarehe 27 ya mwezi wa sita 1986. Juu ya mabomu bandarini, majaji walisema Marekani imevunja sheria ya mataifa. Juu ya kukata biashara, walisema jambo hilo peke yake halivunji desturi ya kutoingilia mambo ya inchi nyingine. Lilivunja tu mkataba wa urafiki ambao hao wawili walikuwa wametia sahihi mwaka 1956. Yaani mwenye duka hawezi kulazimishwa auze, ila kama aliahidi.

Basi jibu langu la kwanza ni hapana. Katazo la 1960 na la 1962 halikuwa blokusi. Tukiandika neno hilo, mwanasheria wa kwanza atakayelisoma atatuuliza lilelile nililouliza mimi, na hatutakuwa na jibu.

Lakini sikuja kwa ajili ya hapana hiyo tu.

Warusi walipoanguka mwaka 1991, Kuba ilipoteza aliyenunua sukari yake na kuipa mafuta. Magari yalisimama, ng'ombe wakarudi kulima. Kati ya 1991 na 1993 watu zaidi ya 50,000 walipatwa na ugonjwa wa mishipa, wengi wakaona giza machoni, na madaktari walipotafuta walikuta kwamba chakula kibaya ndicho chanzo kikubwa, hata serikali ikagawa vitamini kwa watu wote. Sisemi kwamba Marekani iliwapofusha. Aliyeanguka alikuwa Mrusi. Lakini tazameni saa iliyochaguliwa. Mwaka wa 1992, katikati ya njaa ile, Bunge la Marekani lilitoa sheria mpya. Kompani za Kimarekani zilizo katika inchi nyingine, zilizokuwa zikiuza Kuba hasa chakula, zikakatazwa. Na meli ya inchi yoyote ikipeleka mzigo Kuba, isiingie bandari ya Marekani kwa siku 180.

Siku 180! Mimi ninayehesabu siku za kamyo mpakani najua maana yake. Mwenye meli wa Ugiriki ao wa Panama hana ugomvi na Marekani. Anapiga hesabu: safari moja ya Havana, na kisha nusu mwaka bila New York wala Houston. Anakataa mzigo, ao anaongeza bei. Hakuna meli ya vita, hakuna risasi.

Mwaka wa 1996 ikaja sheria ya pili, baada ya ndege za kivita za Kuba kuangusha ndege ndogo mbili kutoka Miami na kuua watu 4, tendo ambalo mimi silitetei. Sheria ile inasema kwamba mgeni yeyote anayefanya biashara na mali iliyotwaliwa zamani aweza kushitakiwa Marekani, na wakubwa wa kompani yake wakatazwe kuingia inchini, pamoja na wake zao na watoto wadogo. Sehemu ya mashitaka ilisimamishwa na marais mmoja baada ya mwingine mpaka 2019, ilipofunguliwa. Sehemu ya viza ilianza kazi mara moja.

Na ilianza wapi? Katika mgodi, ndugu zangu. Moa ni mji wa mashariki ya Kuba, wenye nikeli na kobalti. Mgodi ule ulikuwa wa Wamarekani, ukatwaliwa 1960. Mwaka wa 1994 kompani ya Kanada, Sherritt, ilifanya ushirika na serikali ya Kuba, nusu kwa nusu; mzigo ukawa unatoka Moa kwa meli, ukienda kusafishwa Fort Saskatchewan, Kanada. Mwaka wa 1996 wakubwa wa Sherritt walipewa barua za kuwafungia mlango wa Marekani. Tena kuna amri ya zamani zaidi: kitu chochote chenye nikeli ya Kuba ndani yake hakiruhusiwi kuingia Marekani. Mtengeneza chuma wa Japani ao wa Ufaransa akichanganya nikeli ya Moa katika chuma chake, chuma kile hakiuziki katika soko kubwa kupita yote, hata kama kimekwisha kuwa kijiko. Ilibidi wenye viwanda waandike karatasi za kuhakikisha chuma chao hakina nikeli ile.

Mchimbaji wa Moa ana mzigo ndugu wa mzigo wetu. Kobalti ya kwao na kobalti ya kwetu hukutana sokoni, na mnunuzi akikataa ya kule hutafuta huku. Najua mtu anaweza kunong'ona kwamba hiyo ni faida kwetu. Na anong'one. Siku moja karatasi ile itaandikwa jina la kwetu, naye atatafuta wa kumwonea huruma.

Hapa ndipo ninapoirudia ile blokusi ya karatasi. Mwaka wa 1856 waliiona bure kwa sababu karatasi haikuweza kuzuia meli. Siku hizi yaweza. Mwenye soko kubwa na dolari na benki hahitaji meli za vita. Mwaka wa 2014 benki ya Kifaransa BNP Paribas ililipa Wamarekani karibu dolari bilioni 9 kwa kupitisha feza za Sudani, Irani na Kuba. Benki nyingine hazikuhitaji kuelezwa mara mbili. Tena blokusi ya kweli ina sheria zake, lazima itangazwe, lazima ijulikane imeanza siku gani na imekwisha siku gani. Hii ya karatasi haina siku ya kwisha.

Yapo mambo mawili yatakayosemwa dhahiri, nami nayasema kabla hamjayasema. La kwanza: Kuba haikufungwa yote. Inafanya biashara na Hispania, Kanada, China. Hata Marekani, kwa sheria ya mwaka 2000, iliruhusu chakula kwa feza taslimu, na tangu 2001 kuku wengi wanaoliwa Havana wametoka Marekani. Ni kweli, na ndiyo sababu nyingine ya kutoandika neno blokusi. La pili: serikali ya Kuba imeharibu mengi kwa mkono wake, mashamba yenye majani mazuri yasiyo na chakula, watu kufungwa kwa ajili ya maneno yao. Hilo pia ni kweli, na wakubwa wa Havana hupenda kutia kila kosa lao ndani ya mfuko wa Marekani. Siwapi mfuko huo. Wengine hapa mna upendo na Che Guevara kwa sababu ya Fizi mwaka 1965, wengine mna uchungu kwa sababu ileile. Azimio halituombi kumpenda mtu.

Mwaka wa 2024 inchi 187 katika Baraza Kuu zilipiga kura kwamba makatazo yale yaondolewe, mbili zikakataa, Marekani na Israeli, na moja, Moldova, haikuchagua upande. Inchi 187 hazikupatana kwa kumpenda Castro. Nyingi zilikuwa na wenye meli na wenye benki waliochoka kuamriwa.

Basi naomba mstari wa tatu ufutwe, na mahali pake paandikwe hivi:

"Inchi yoyote ina haki ya kukataa kununua na kuuza. Haina haki ya kuwaadhibu wengine kwa kununua na kuuza. Sheria za Marekani za 1992 na 1996 zinamwadhibu mwenye meli, mwenye benki na mwenye mgodi wa inchi nyingine, kwa ugomvi usio wao. Sisi wafanyakazi wa mgodi twaomba sheria hizo mbili zifutwe, na deni la mali lipelekwe mbele ya majaji."

Yule ndugu wa nyuma aliyeniita mtu wa Wamarekani, namwona ameketi palepale. Kalamu iko mezani. Aje asome maneno hayo, na kama kuna neno lenye uzito usio wake, alikate.